Mvike Shujaa Wako Rangi Zako: Mwongozo wa Kupaka Dirii, Ngao na Upanga kwenye Gemu

Mwongozo huu ni wako wewe unayecheza gemu za mapanga, majoka na falme za kale, uwe Singida mjini, Kiomboi, Ikungi, Manyoni au Itigi, na unataka shujaa wako avae rangi ulizochagua mwenyewe. Ni wako pia mzazi ambaye mtoto anakuomba hela ya kununulia skini, yaani vazi la shujaa wa kwenye gemu, na hujui umjibu nini.

Shika jambo moja tangu mwanzo: rangi nzuri nyingi hupatikana kwa kazi ndani ya gemu, bila pesa ya ziada. Wengi hununua kwa sababu hawajui gemu yao inapakaje rangi. Ukishajua, chaguo linabaki mikononi mwako.

## Kwa nini rangi ina uzito

Kupaka silaha rangi hakukuanzia kwenye skrini. Wamaasai walizichora ngao zao za ngozi kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na michoro ile ilimtambulisha mwenye ngao: ni wa rika gani, ametoka upande gani. Alama ya ushujaa haikuchorwa hovyo. Ilibidi mtu aistahili kwanza. Aliyeijua lugha ya ngao aliisoma kwa mbali kabla hajauona uso wa aliyeishika.

Kwenye gemu rangi hufanya kazi tatu zinazofanana na hizo:

1. Kutambulika. Mkicheza wanne kwenye ulimwengu mmoja na wote mmevaa chuma cha kijivu, mtapigana wenyewe kwa wenyewe. Rangi humaliza mkanganyiko huo.
2. Kukumbusha. Pambo ulilolipata baada ya kupora meli iliyozama linakukumbusha safari ile kila ukilivaa.
3. Kusema wewe ni nani. Gemu nyingi zimejaa ngome na mashujaa wa Ulaya ya kale au Japani. Mtu wa Singida akivaa rangi za alizeti na asali, anaingia humo akiwa na kwao.

Kuna jambo moja ambalo rangi yenyewe haifanyi: haiongezi ulinzi. Kofia ya ngozi iliyopakwa nyekundu inakinga sawasawa na ile isiyopakwa. Yeyote anayekuuzia rangi kwa ahadi kwamba utakuwa na nguvu zaidi, muulize nguvu hiyo imeandikwa wapi.

## Kwanza jua gemu yako inakupa uhuru gani

Usianze kutafuta rangi kabla ya kujua gemu yako iko ngazi ipi. Hapa ndipo bando na muda mwingi hupotea.

Ngazi ya 1: Huchagui kitu. Vazi linakuja na rangi yake na linabaki hivyo. Elden Ring ya mwaka 2022 haina sehemu ya kupaka dirii, na Skyrim ya 2011 nayo haina, mpaka uiongezee faili zilizotengenezwa na wachezaji. Hapa uhuru wako ni kuchanganya vipande vya mavazi tofauti.

Ngazi ya 2: Unachagua kilichokwisha pakwa. Hizi ndizo gemu za simu zenye skini, kama Mobile Legends na Free Fire. Huchanganyi rangi mwenyewe. Unachukua vazi lililotengenezwa tayari, mara nyingi kwa pesa, mara chache kwa kushinda shindano.

Ngazi ya 3: Unapaka mwenyewe. Minecraft, Terraria, Guild Wars 2 na The Legend of Zelda: Breath of the Wild zimo humu. Unatafuta rangi, unachagua kipande, unapaka.

Ngazi ya 4: Unachora upya. Unaifungua picha ya upanga au ngao na kuibadilisha nukta kwa nukta. Minecraft ya kompyuta inaruhusu, na Battle for Wesnoth, gemu ya bure iliyotoka mwaka 2003, inaruhusu zaidi ya zote.

> KISANDUKU: NANI ANAPAKA NINI
>
> Minecraft (2011): dirii za ngozi hupakwa rangi, dirii zote hutiwa nakshi, ngao hupokea bendera kwenye toleo la Java la kompyuta, upanga haupakwi mpaka ubadilishe picha yake.
>
> Terraria (2011): kila kipande cha vazi kina nafasi yake ya rangi. Ukiitoa rangi unaitumia tena kwingine. Silaha hazipakwi.
>
> Guild Wars 2 (2012): kipande kimoja cha dirii kinaweza kuwa na sehemu hadi nne za kupaka. Rangi ukishaifungua ni yako kwa wahusika wako wote. Silaha hazipakwi. Inahitaji kompyuta na intaneti muda wote.
>
> Breath of the Wild (2017): unakwenda duka la rangi kijijini Hateno, unatoa vitu vitano vya rangi unayoitaka na rupia 20 za humo ndani, nguo zinapakwa.

Utaona kwamba karibu kote dirii hupakwa na silaha huachwa. Usikate tamaa, njia ya upanga ipo mbele.

Sehemu inayofuata inatumia Minecraft kama mfano, kwa sababu inachezeka kwenye simu, kompyuta na mashine za kwenye banda la gemu, na ukishainunua unaweza kuicheza peke yako bila bando. Ina matoleo mawili, na lazima ujue lako: Java ni la kompyuta, Bedrock ni la simu, PlayStation, Xbox na pia kompyuta za Windows. Namna ya kupaka inatofautiana.

## Kabla hujagusa rangi: panga kwenye karatasi

Kosa la wengi ni kuzitumia rangi zote kwa sababu zipo. Minecraft ina rangi za msingi 16, na zikichanganywa kwenye dirii ya ngozi huzaa mamilioni. Wingi huo humchanganya mtu. Tafuta fundisho karibu na nyumbani: michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, katika mkoa jirani wa Dodoma, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imechorwa zaidi kwa nyekundu na nyeupe tu, na hadi leo mtu anasimama mbele yake akatambua twiga na watu.

Fanya hivi:

1. Chagua rangi kuu moja. Hii itachukua kifua na suruali, yaani sehemu kubwa ya mwili.
2. Chagua rangi ya pili ya kofia na viatu. Iwe nyepesi zaidi au nzito zaidi kuliko ya kwanza, kwa tofauti inayoonekana.
3. Chagua rangi ya mguso itakayotokea mahali padogo tu: nakshi ya dirii, alama ya ngao, mpini wa upanga.
4. Jaribu bila rangi. Piga picha ya skrini, ifungue kwenye sehemu ya kuhariri picha ya simu yako, iweke nyeusi na nyeupe. Kofia na kifua vikionekana kijivu kilekile, rangi zako zinafanana mno kwa uzito. Badilisha moja.

Hatua ya nne usiiruke. Watu wengine, hasa wanaume, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Timu yenu ikijitambulisha kwa rangi hizo mbili zenye uzito sawa, mwenzenu mmoja anaweza asione tofauti na akaona haya kusema. Mkitumia moja nyepesi na moja nzito, kila mtu ataona.

> KISANDUKU: RANGI ZA SINGIDA NA MAHALI PA KUZIPATA NDANI YA MINECRAFT
>
> Shamba la alizeti. Kuu: njano. Pili: kahawia. Mguso: kijani. Ua moja la alizeti hutoa rangi mbili za njano. Kahawia hutoka kwenye kakao, kijani kwenye dungusi kakati lililochomwa tanuruni.
>
> Mwamba na ziwa, kwa ajili ya maziwa ya Singidani na Kindai na mawe makubwa yaliyouzunguka mji. Kuu: kijivu mpauko. Pili: bluu. Mguso: pinki, kwa heshima ya heroe. Bluu hutoka kwenye jiwe la lapis au ua la bluu. Pinki ni nyekundu na nyeupe.
>
> Ghala la vitunguu. Kuu: zambarau. Pili: nyeupe. Mguso: kijani mpauko. Zambarau ni nyekundu na bluu; nyeupe ni unga wa mifupa; kijani mpauko ni kijani na nyeupe.
>
> Nyuki wa Liti. Kuu: nyeusi. Pili: rangi ya chungwa, iwe asali. Mguso: dhahabu. Nyeusi hutoka kwenye wino wa ngisi. Chungwa ni nyekundu na njano. Hizi ni za kumkumbuka Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya Singida yanasema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki, na ambaye jina lake limepewa uwanja wa mpira wa mjini.

Mkulima wa alizeti atafurahi kujua hili: ndani ya Minecraft, ukiinyunyizia alizeti unga wa mifupa, inadondosha ua jingine, na la kwanza linabaki limesimama. Ukipata ua moja hutakosa njano tena. Kwa nyekundu, panda kiazisukari badala ya kuzunguka porini kutafuta maua. Kila kimoja hutoa rangi moja, na shamba dogo linatosha.

## Kupaka dirii ya ngozi

Unahitaji ngozi 24 kwa vazi zima: kofia 5, kifua 8, suruali 7, viatu 4. Ng'ombe mmoja hutoa ngozi zisizozidi mbili, na mara nyingine hatoi kitu, kwa hiyo fuga kwanza, usimalize kundi kwa siku moja.

Ukiwa na toleo la Java:

1. Fungua begi lako. Kijedwali kidogo cha miraba minne kinatosha kwa kazi hii.
2. Weka kipande cha ngozi kwenye mraba mmoja na rangi kwenye mwingine.
3. Ukitaka rangi ya mchanganyiko, ongeza nyingine humohumo. Kwenye meza kubwa ya ufundi unaweza kuweka kipande kimoja na rangi hadi nane.
4. Kabla ya kuchukua, tazama kipande kinachotokea kulia. Hujakipenda? Toa rangi, hakuna kilichopotea.
5. Ukiridhika, chukua, na uandike kipimo ulichotumia: "kahawia 2, nyekundu 1". Vipande vinne vyenye kipimo kimoja ndivyo vinavyofanana.

Ukiwa na Bedrock, yaani simu au mashine ya gemu:

1. Tengeneza sufuria ya chuma, ambayo kwenye skrini huitwa Cauldron. Inataka vipande 7 vya chuma.
2. Ijaze maji kwa ndoo.
3. Shika rangi mkononi na uiguse sufuria. Maji yatabadilika. Ukiongeza rangi nyingine, zinachanganyika.
4. Shika kipande cha ngozi, gusa sufuria. Kimechovywa.
5. Kila ukichovya, maji hupungua. Chovya kwanza vipande vyote vya rangi moja, ndipo ubadilishe maji.

Kufuta: katika matoleo yote mawili, chovya kipande kwenye sufuria yenye maji safi na rangi itatoka.

Tahadhari ya Java: kipande kilichopakwa ukikipaka tena bila kukiosha, rangi ya zamani inaingia kwenye mchanganyiko. Ukipaka njano juu ya bluu hupati njano. Osha kwanza.

## Tatizo la ngozi na namna ya kulikwepa

Ngozi inapakwa vizuri kuliko vyote lakini inakinga kidogo. Vazi zima la ngozi lina pointi 7 za ulinzi, la chuma 15, la almasi 20. Mtu aliyevaa ngozi tupu atapendeza mpaka apigwe.

Njia ya kati ni hii. Kifua cha ngozi kina pointi 3 na cha almasi 8. Ukivaa ngozi hapo unapoteza 5. Lakini viatu vya ngozi vina 1 na vya almasi 3. Unapoteza 2 tu. Kofia ni vivyo hivyo. Kwa hiyo weka chuma au almasi kifuani na kwenye suruali, paka ngozi kichwani au viatuni. Viatu vya ngozi vina faida nyingine: ukivivaa unaweza kutembea juu ya theluji laini bila kuzama.

Kifua na suruali utavipamba kwa njia nyingine: nakshi.

## Kutia nakshi kwenye chuma, dhahabu na almasi

Nakshi zilianza Juni 2023 katika toleo la 1.20. Zinaweka mchoro juu ya dirii yoyote bila kupunguza ulinzi wake.

1. Tengeneza meza ya mfua chuma kwa mbao 4 na vipande 2 vya chuma.
2. Tafuta kigezo cha nakshi. Vigezo havitengenezwi bure, hupatikana safarini: kimoja kwenye meli zilizozama, kingine kwenye minara ya wavamizi, kingine kwenye mahekalu ya jangwani, na kadhalika.
3. Kabla ya kukitumia, kizidishe. Kigezo huliwa kila kinapotumika. Kwa almasi 7, kigezo chenyewe, na jiwe linaloendana nacho (cha meli hutaka jiwe la kawaida lililovunjwa, cha jangwani hutaka jiwe la mchanga), unapata viwili.
4. Chagua madini yatakayotoa rangi. Dhahabu hutoa njano, redstone nyekundu, lapis bluu, zumaridi kijani, amethisto zambarau, shaba chungwa, kwazi nyeupe, netherite karibu nyeusi.
5. Weka vitatu pamoja mezani: kigezo, dirii, madini. Angalia mfano unaoonyeshwa kabla ya kuchukua.

Nakshi haifutiki kwa maji. Unaweza kuifunika kwa nyingine, ila kipande hakirudi kuwa kitupu. Ndiyo maana karatasi ilikuja kwanza.

Anayeishi karibu na Sekenke, Iramba, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa enzi za Wajerumani, ana sababu yake ya kuweka dhahabu juu ya almasi. Nakshi ya dhahabu juu ya dhahabu hutokea kwa rangi nzito kidogo ili ionekane, lakini kwa mbali hupotea. Dhahabu juu ya nyeusi au bluu ya almasi ndiyo inayosomeka.

## Ngao: mahali pa alama yako

Kwenye Java:

1. Tengeneza bendera kwa sufu 6 za rangi moja na kijiti kimoja.
2. Ipeleke kwenye kitanda cha kufumia, kinachoitwa Loom. Ongeza michoro moja moja kwa kutumia rangi. Mwisho ni michoro sita.
3. Weka bendera na ngao tupu kwenye meza ya ufundi. Bendera inatumika, ngao inachukua mchoro.

Michoro miwili au mitatu inatosha. Ngao ni nyembamba kuliko bendera, na mchoro wenye mambo mengi hujikunja ukawa doa. Jaribu kwenye bendera, rudi nyuma hatua ishirini ndani ya gemu, tazama. Kama huwezi kueleza kwa neno moja unachokiona, punguza. Ngao ikishapokea bendera haipokei nyingine, basi fanya jaribio hilo mapema.

## Upanga: kuchora upya kwenye kompyuta

Upanga haupakwi kwa rangi za gemu, lakini picha yake ni ndogo kiasi kwamba kijana mwenye subira anaibadilisha kwa jioni moja. Ni mraba wa nukta 16 kwa 16. Hatua hizi ni za Java.

1. Tafuta picha. Fungua folda ya gemu iitwayo .minecraft, kisha versions, kisha toleo lako. Faili lenye mwisho wa .jar lifungue kwa programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa. Ndani, fuata njia hii: assets, minecraft, textures, item. Nakili iron_sword.png. Usibadilishe chochote ndani ya .jar yenyewe.
2. Chora. Tumia programu ya bure kama GIMP au Krita. Kuza picha mpaka uone kila nukta. Tumia kalamu ya nukta moja, si brashi laini, maana brashi huacha kingo zenye ukungu.
3. Gusa kwa mpangilio. Anza na mpini: nukta za kahawia zigeuze rangi yako ya mguso. Kisha ubapa: una nukta nyepesi upande mmoja na nzito upande mwingine. Badilisha rangi zote mbili lakini tunza tofauti hiyo, maana ndiyo inayouonyesha upanga kuwa na makali.
4. Acha mandhari tupu. Sehemu isiyo na rangi ibaki hivyo. Ukiijaza nyeupe, shujaa wako atashika kibao.
5. Hifadhi kwa jina lilelile, ukubwa uleule, aina ya PNG.
6. Tengeneza pakiti. Ndani ya folda ya resourcepacks unda folda mpya yenye jina lako. Humo weka faili la maandishi liitwalo pack.mcmeta, pamoja na njia ileile ya folda: assets, minecraft, textures, item, na picha yako mwisho. Faili la pack.mcmeta hubeba nambari inayobadilika kila toleo. Njia rahisi ni kunakili kutoka pakiti iliyotengenezwa kwa toleo lako.
7. Washa. Kwenye mipangilio ya gemu, chagua Resource Packs, ipandishe pakiti yako, thibitisha.

Ukicheza na wenzako, rangi hii unaiona wewe tu. Wao wataona upanga wa kawaida, mpaka uwape pakiti yako nao waiwashe. Mkiwa darasa au kikundi, tengenezeni pakiti moja ya pamoja.

## Huna pesa ya kununua gemu?

Battle for Wesnoth ni ya bure kabisa na ni halali kuibadilisha. Ukishaipakua unaicheza bila intaneti. Ni vita vya mapanga, mikuki na wachawi, na kila upande una rangi yake. Wachoraji wake hupaka sehemu za vazi zinazotakiwa kubadilika kwa vivuli maalumu vya majenta, na gemu inapowaka huvigeuza kuwa rangi ya timu: nyekundu, bluu, kijani au nyingine. Kwenye mchezo wa watu wengi, chagua rangi yako kabla ya kuanza. Ukitaka kujifunza zaidi, fungua picha ya mpiganaji mmoja, paka majenta ileile mahali papya, kwenye mkanda au manyoya ya kofia, na utaona gemu inaigeuza yenyewe. Kwa kijana anayeota kutengeneza gemu, hili ni somo kamili la bure.

## Pesa, akaunti na usalama

Kwa mchezaji:

- Tovuti au video inayokuahidi almasi za bure za kununulia skini ukiweka namba ya akaunti na nywila inataka akaunti yako. Funga.
- Usipakue gemu "iliyofunguliwa kila kitu" nje ya duka rasmi. Faili la namna hiyo linaweza kubeba programu ya wizi, na simu yako ndiyo yenye pesa za familia.
- Kwenye banda la gemu, ingia kwa akaunti yako pale tu unapolazimika, na utoke kabla hujainuka. Bora unda ulimwengu wako kwenye mashine kwa ruhusa ya mwenye banda na uupe jina lako.
- Umeme ukikatika ghafla, gemu nyingine hupoteza yote uliyofanya tangu ulipohifadhi. Hifadhi kila umalizapo kipande kimoja.

Kwa mzazi:

- Weka nywila inayodaiwa kwa kila ununuzi kwenye duka la programu la simu. Usitumie tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.
- Namba ya siri ya pesa za simu ibaki kwako, hata mtoto akiwa mwaminifu.
- Akiomba skini, muulize maswali matatu: Je, inapatikana kwa kucheza? Je, unajua utapata nini hasa, au ni sanduku la bahati? Je, utaitumia mwezi ujao? Sanduku la bahati lifananishe na bahati nasibu na ulikatae.
- Mwache achague rangi mwenyewe, hata usipozipenda. Kaa naye dakika chache akueleze kwa nini amechagua hizo. Utajifunza mengi kumhusu.

## Makosa yanayorudiwa sana

1. Kupaka kila kipande rangi tofauti. Jicho halipati pa kutua. Rudi kwenye rangi tatu.
2. Nyeusi tupu kutoka kichwani hadi miguuni. Kwenye skrini hafifu au pangoni huonekani hata na wenzako. Ongeza mguso mwepesi.
3. Kutumia kigezo cha nakshi cha pekee kwenye dirii ya chuma utakayoiacha wiki ijayo. Subiri upate almasi.
4. Kusahau vipimo. Kifua kikiharibika, hutaweza kutengeneza kinachofanana.
5. Kuiga skini ya mchezaji maarufu. Utaonekana kama maelfu ya wengine, na lengo lilikuwa utambulike.
6. Kuchukua rangi ya mwenzako wa timu. Kubalianeni kabla ya mchezo nani anavaa nini.

## Orodha ya mwisho kabla ya kuingia vitani

☐ Najua gemu yangu iko ngazi ipi, na toleo langu ni Java au Bedrock.

☐ Nina rangi kuu, ya pili na ya mguso, zimeandikwa pamoja na vipimo.

☐ Nimejaribu picha nyeusi na nyeupe na vipande vinatofautiana.

☐ Kifua na suruali vinakinga vya kutosha. Ngozi iko kichwani au viatuni.

☐ Kigezo cha nakshi nimekizidisha kabla ya kukitumia.

☐ Alama ya ngao inatambulika kwa hatua ishirini.

☐ Sijatoa pesa kwa kitu ninachoweza kukipata kwa kucheza.

☐ Wenzangu wanazijua rangi zangu, nami nazijua zao.

☐ Nikiulizwa kwa nini nimechagua rangi hizi, ninalo jibu.

Kisanduku cha mwisho kikiwa kitupu, usiogope kuvua vazi zima, kuosha vipande vya ngozi na kuanza upya. Maji ya sufuria hayana gharama.